Mashindano na Furaha ya Watu

Mara nyingi nimewasikia wazee wenzangu wakisema kwamba mashindano ni jambo la kuletwa. Wanasema babu zetu waliishi kwa amani bila mtu kutaka kumpita mwenziwe, na kwamba shule, fedha na miji ndivyo vilivyotufundisha kuoneana wivu. Mimi nimekuwa mwalimu kwa miaka 38, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi vijijini. Maneno hayo ni matamu kuyasikia, lakini historia haiyaungi mkono.

Tuanze na kwetu Usukumani. Kabla shule hazijasambaa, watu walikuwa wamegawanyika katika vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu. Masimulizi yanasema kwamba vyama hivyo vilitokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alidai dawa yake inaishinda ya mwenziwe. Hawakushikiana mikuki. Ushindani wao ulikuwa wa kucheza, kila mmoja na wafuasi wake, siku moja na uwanja mmoja, na atakayevuta watazamaji wengi zaidi ndiye mwenye dawa kali. Desturi hiyo ikabaki. Kila mwaka nafaka zikishaingia ghalani, kuanzia mwezi wa Juni hivi, vyama vilikutana uwanjani na kuchezeana mchana kutwa. Hapakuwa na mwamuzi mwenye karatasi. Watu walipima kwa miguu yao: wakichoshwa na upande huu, walihamia upande ule. Ndiyo maana wachezaji walibuni kila aina ya vituko, wengine wakicheza na nyoka, wengine na majembe, wengine na wanasesere wa miti, ili mradi watu wasiondoke.

Marehemu baba alikuwa Mgalu, na mjomba wangu alikuwa Mgika. Nakumbuka mwaka mmoja upande wa baba ulishindwa vibaya hata wakabakiwa na watoto na vikongwe wasioweza kutembea mbali. Njia nzima baba hakusema neno. Mjomba alikuja nyumbani siku ya pili, akajifanya amepotewa na ng'ombe, akauliza kama kuna mtu aliyewaona watu wa Wagalu maana yeye uwanjani hakuwaona. Alitaniwa baba wiki kadhaa, akanuna wiki kadhaa, kisha akaanza kukutana na wenzake usiku kutunga nyimbo za mwaka utakaofuata. Kwa hiyo hasira ilikuwapo, na hata uchawi ulitajwa. Nisije nikaeleweka kwamba nasifu tu mambo ya kale.

Pwani nako hakukuwa na tofauti. Mji wa Lamu ulijulikana kwa ushindani wa mitaa yake miwili, Mkomani na Langoni, na katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 ngoma mpya ya beni ilipozuka huko na Mombasa, ushindani ukavaa sare za kijeshi na kupiga tarumbeta. Ilipofika Tanganyika, beni ikawa na pande mbili zilizojulikana bara na pwani, Marini na Arinoti. Profesa Terence Ranger, aliyefundisha historia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hiyo, kikatoka mwaka 1975. Mtu akikisoma ataona jinsi watu walivyotumia mali nyingi katika karamu na mavazi ili kuwaaibisha wapinzani, wengine wakitumia hata wasichokuwa nacho. Hao hawakuwa wamesoma biashara chuoni wala hawakuwa na matangazo ya redio ya kuwashawishi.

Basi ikiwa ushindani ni wa zamani hivyo, kwa nini huzuni ya watu wa leo inasemekana inatokana nao? Jibu langu limetokana na kuyatazama mashindano ya aina mbili kwa muda mrefu. Katika ngoma, aliyeshindwa alishindwa pamoja na wenzake, akarudi nyumbani na wenzake, na mwakani uwanja ulikuwa pale pale ukimngoja. Tena kushindwa katika ngoma hakukumpunguzia shamba, wala mke, wala sauti yake katika kikao cha ukoo. Shule ilileta mashindano ambayo mtu anaingia peke yake, mara moja, akiwa mtoto, na matokeo yake yanamfuata mpaka kaburini.

Mtihani wa darasa la nne niliufanya mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru. Wengi wa darasa langu waliishia hapo. Tulikuwa watoto wa miaka kumi na kitu, na asubuhi moja tu tulitengwa: wachache tukaenda shule ya kati, wengine wakarudi kuchunga. Baadaye nikaja kufahamu ukubwa wa jambo hilo kitaifa. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, mwezi wa Machi 1967, alieleza kwamba mwaka wa Uhuru wanafunzi wote wa sekondari nchini walikuwa 11,832, na wa kidato cha sita walikuwa 176 tu. Hebu msomaji afikiri: nchi nzima, kuanzia Bukoba mpaka Mtwara, watu 176, ambao wote wangeweza kukaa katika ukumbi mmoja na viti vikabaki.

Katika kijitabu hicho Mwalimu alilitazama swali hili letu waziwazi. Alisema elimu tuliyorithi ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya wachache, na kwamba inawafanya wale walio wengi wajione wameshindwa katika jambo ambalo tangu mwanzo wasingeweza kushinda, kwa sababu nafasi hazikuwapo. Alitaka shule ya msingi iwe na ukamilifu wake yenyewe, mtoto akiimaliza awe amemaliza kitu, asiwe ameachwa njiani. Tulipokuwa chuoni, mwaka 1970 na 1971, tulikisoma kijitabu hicho hata tukaweza kukieleza usingizini. Baadaye mtihani wa mchujo wa darasa la nne ukaondolewa; ada ya shule za msingi ikafutwa mwaka 1973; mwaka 1974 Azimio la Musoma likaamua kila mtoto aingie shule, na mwaka 1977 Elimu ya Msingi kwa Wote ikatangazwa kuwa imefikiwa. Alama za mtihani wa mwisho zikachanganywa na kazi za kila siku pamoja na tabia ya mwanafunzi. Nafasi za sekondari zikagawanywa kwa mikoa na wilaya ili maeneo yaliyokuwa nyuma yapate chao.

Nathubutu kusema kwamba hapajatokea katika nchi yetu jaribio jingine kubwa kama hilo la kuondoa ubaya wa mashindano. Liliwafikisha shuleni watoto ambao baba zao hawakuwahi kushika kalamu. Lakini mlango wa sekondari ulibaki mwembamba. Katikati ya miaka ya 1980 wanaomaliza darasa la saba waliopata kidato cha kwanza hawakufika hata 10 kwa kila 100. Shuleni kwangu mwaka 1983 darasa lilikuwa limejaa, na waliochaguliwa walikuwa wawili.

Mlango ukiwa mwembamba, watu hutafuta dirisha. Wazazi waligundua kwamba wilaya fulani zina nafasi nyingi kuliko idadi ya watoto wenye bidii, wakawapeleka watoto kwa shangazi na kwa baba wadogo huko. Wengine waliokosa walirudia darasa la saba, jambo lililokatazwa, na ili warudie walichukua majina ya watoto walioacha shule. Kila mwalimu wa wakati ule anajua habari hii. Mtoto aliondoka nyumbani akiitwa jina alilopewa na bibi yake, akafika shule ya mbali akawa mtu mwingine, wa ukoo mwingine.

Ninamfahamu mmoja wa hao, naye sasa ni mtu mzima, na nimebadili mambo mawili matatu hapa asije akatambuliwa. Alifaulu kwa jina la kuazima, akasoma sekondari, akapata kazi ya serikali, akapanda cheo. Kwa kipimo chochote cha dunia hii alishinda. Mama yake alipofariki, wafanyakazi wenzake walikodi basi dogo wakaja mazishini, kama ilivyo desturi. Ukafika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu na majina ya watoto aliowaacha. Wale wenzake wakasikiliza mpaka mwisho, jina la bwana mkubwa wao hawakulisikia. Jina lake lilikuwa limesomwa, la tatu katika orodha, ila wao hawakulijua. Mmoja akamuuliza njiani, kwa upole tu, kama yeye ni mtoto wa kuzaliwa au wa kulelewa. Akajibu kwamba ni wa kulelewa. Aliniambia habari hiyo miaka mingi baadaye, tukiwa wawili, na alipofika hapo alinyamaza.

Mwaka 2017, serikali ilipokwisha kuhakiki vyeti na kutangaza kwamba watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi, alikaa miezi bila kulala vizuri. Orodha ilipotoka aliitafuta, hakujiona. Kati ya majina yake mawili alikuwa akilitafuta lipi, sikumuuliza.

Wengine wa darasa lile la 1983 nimeendelea kuwaona. Katika wale wawili waliochaguliwa, mmoja ni daktari mjini, mtu mwema, kazi yake anaipenda na wagonjwa wanampenda. Aliponikaribisha nyumbani kwake alinitembeza chumba kwa chumba, lakini kila tulipofika dirishani alinionyesha ghorofa la jirani, akanieleza limegharimu kiasi gani na vigae vimetoka wapi. Nilitoka nikiifahamu nyumba ya jirani vizuri kuliko ya mwenyeji wangu. Mwingine, ambaye hakuchaguliwa, ni seremala. Meza zake zinajulikana kata nzima, na mtu akinunua kitanda kwingine huambiwa hicho si cha fundi fulani. Huyu ana wivu pia, tena mkali, lakini unamhusu fundi mmoja wa kijiji cha pili anayejua kuchonga milango. Wanachunguliana kazi zao kwenye harusi na misiba. Ukimuuliza kama angependa kuwa daktari kama mwenziwe, anacheka, halafu anasema angependa mwanawe awe. Hapo utaona raha yake nayo ina kikomo.

Wataalamu wa uchumi wameligusa jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1974 Mmarekani mmoja, Richard Easterlin, alichapisha makala iliyowashangaza wengi. Alionyesha kwamba ndani ya nchi moja matajiri husema wana furaha kuliko maskini, lakini nchi yenyewe ikitajirika, watu wake kwa jumla hawasemi wamekuwa na furaha zaidi. Marekani ilikuwa imetajirika sana tangu vita vya pili vya dunia, na furaha ilikuwa haikupanda nayo. Wenziwe wamebishana naye tangu wakati huo, wengine kwa takwimu nzito, lakini maelezo aliyoyatoa ni yale ya dirishani kwa daktari wangu: mtu hupima alichonacho kwa kutazama cha jirani, na wote wakipanda pamoja, hakuna aliyempita mwenziwe.

Siku hizi hata furaha yenyewe imefanyiwa mtihani na kupangwa nafasi. Tangu mwaka 2012 hutolewa taarifa ya furaha ya dunia, ambapo watu wa kila nchi huulizwa wafikirie ngazi ya vipandio kuanzia sifuri hadi kumi, juu kukiwa na maisha bora kabisa wanayoweza kuyawaza, kisha waseme wamesimama wapi. Finland imekuwa ya kwanza mwaka baada ya mwaka tangu 2018. Taarifa ya 2017 iliiweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Nilipowasomea majirani zangu habari hiyo walicheka sana, kisha mmoja akauliza Wakenya wamekuwa wa ngapi. Mimi sicheki tu. Swali la ngazi halimuulizi mtu kama amecheka jana. Linamuuliza yuko wapi kati ya alipo na anapodhani angeweza kuwa. Mtu aliyeona kwenye simu maisha ya watu wa nchi nyingine atajiweka chini, hata kama jioni hiyo hiyo atacheza ngoma mpaka alfajiri.

Tena kuna umaskini ambao hauna haja ya kulinganishwa na jirani. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 tulipanga foleni kwa sabuni, sukari na kanga. Nilifundisha kwa mashati mawili. Hatukuwa na wa kumwonea wivu maana wote tulikuwa hivyo, wala jambo hilo halikuifanya njaa iwe tamu. Mtoto aliyekufa kwa kukosa dawa hakufariji mtu kwa kuwa na wa jirani alikosa. Wanaosema tulikuwa na furaha kwa sababu tulikuwa sawa, mara nyingi walikuwa watoto wakati huo, na foleni walipanga mama zao.

Nikirudi kwenye shule, mambo yaligeuka baada ya mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986. Sekondari za binafsi ziliongezeka. Katika miaka ya 1990 zikaja shule za msingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza, na mabasi yao ya njano yakaanza kuwapitia watoto kabla ya jogoo wa pili. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi, iliyokuwa imerudi, ikafutwa tena, na kuanzia 2006 sekondari za kata zikajengwa kwa kasi ambayo sisi wa mwaka 1961 tusingeiota. Mlango ukapanuka. Tungetegemea huzuni ipungue.

Haikuwa hivyo, nami nadhani naijua sababu. Kijana wa 1983 aliyekosa nafasi alikosa pamoja na darasa zima, na hakuna aliyekuwa amemwahidi kitu. Wazazi wake walisema, basi, na jembe lilikuwa nyuma ya mlango. Kijana wa baada ya 2006 aliahidiwa. Baba aliuza mbuzi wa kununulia sare, kijiji kikachanga matofali ya darasa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi iliingia simanzi, waziri mkuu akaunda tume, na matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Nilikuwa nimekwisha kustaafu. Vijana wa kijijini kwangu walikaa chini ya mwembe siku nzima bila kusemezana, ingawa karibu wote walikuwa wamepata sifuri ile ile. Wingi wao haukuwasaidia kama ulivyotusaidia sisi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na deni la mbuzi nyumbani.

Na waliofaulu nao hawakuachwa watulie. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo lilitaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, na magazeti yakachapisha picha zao. Shule zikaanza kuwaweka watoto wa darasa la saba kambini, wakisoma usiku, Jumamosi na likizo. Shule nyingine ziliwahamisha wanafunzi dhaifu kabla ya mtihani ili wasiharibu wastani. Nimewahi kuzungumza na mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa wa nne katika darasa la watoto 40, naye akawa analia. Nilimuuliza kisa. Akasema muhula uliopita alikuwa wa pili.

Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza orodha hizo, likieleza kwamba hazina tija na kwamba watoto hawasomi katika mazingira yaliyo sawa. Nilifurahi, nikadhani jambo limepata dawa. Wiki chache baadaye nikapita mjini nikaona shule zimejitangazia zenyewe, kila moja imechagua kipimo kinachoiweka mbele: moja ya kwanza kiwilaya, nyingine ya kwanza kwa wasichana, nyingine ya kwanza kwa hisabati.

Sera ya elimu, toleo la 2023, imeamua elimu ya msingi iwe ya miaka sita na elimu ya lazima ifike miaka kumi, kwa hiyo mchujo wa darasa la saba nao utakwisha, kama ulivyokwisha ule wa darasa la nne. Watoto wote wataendelea mbele pamoja. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, na wakati huo huo nawatazama wazazi wa mtaani kwetu nijue ushindani utahamia wapi. Baadhi wameshapata jibu. Kwenye njia panda ya kwenda sokoni kuna shule ya awali yenye bango jipya. Limechorwa watoto wa miaka mitano waliovaa majoho na kofia za mahafali, na chini yake imeandikwa kwamba nafasi ni chache.